Pampu, Dagaa na Ufunguo wa Dada Yangu

Shemeji yangu ni daktari wa meno, na sijapata kumwona daktari mwingine wa meno anayekwenda kazini kwa ndege yake mwenyewe. Si kwamba ni tajiri. Ndege yenyewe ni ndogo, ya viti vinne na injini moja, aliinunua ikiwa imechoka kuliko mimi, kisha akaipenda jinsi watu wa huku wanavyopenda ng'ombe. Anakaa Kiseke na dada yangu, mdogo wangu wa mwisho, na kutoka hapo uwanja wa ndege hauko mbali. Huruka asubuhi kwenda Ukerewe, au mji mwingine wa kando ya ziwa, anang'oa meno yanayong'oleka, anaziba yanayozibika, na jioni yuko nyumbani anakunywa chai.

Mimi nilikuwa fundi wa ndege mpaka nikastaafu. Siku hizi nina banda Igoma, natengeneza alternata na stata za magari, na baada ya alasiri nafundisha watoto kusoma Kurani. Namshukuru Mola, mikono bado haijaanza kutetemeka. Basi siku ile shemeji alipotokea bandani, amepakiwa nyuma ya bodaboda, helmeti imemkaa kichwani kama sufuria iliyofunikwa juu ya ndizi, nilijua hakuleta alternata.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Gari limeharibika?"

"Gari ni zima. Dada yako amechukua ufunguo."

"Wa gari?"

"Wa ndege."

Nikaweka bisibisi chini nikamvutia kigoda. Kwetu sisi, shemeji asiyetaniana na shemeji yake huulizwa kama anaumwa, na huyu nimemtania tangu siku alipokuja kuposa akiwa amevaa viatu vya kuazima. Lakini siku ile uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa, nikaona nimsikilize kwanza, utani utakuja.

Walikuwa wanarudi kutoka Bukoba, yeye na dada. Katikati ya ziwa wakaingia kwenye wingu. Hilo si jambo geni kwa rubani mwenye vyombo vizima. Lakini kile chombo kinachoonyesha ndege imelala au imesimama wima kikaanza kuinama taratibu, kama mzee anayesinzia kwenye hotuba ya Ijumaa. Shemeji alikigonga kioo kwa kidole. Kikazidi kuinama. Akabaki na dira na chombo kingine kidogo, akaiteremsha ndege polepole mpaka wakatoka chini ya wingu, na hapo, kwa maneno ya dada yangu, ziwa lilikuwa dirishani kwake badala ya kuwa chini.

"Alikigonga vile anavyogonga meno ya watu," dada aliniambia baadaye. "Nilikuwa nasubiri akiulize: hapa panauma?"

Walitua salama, alhamdulillahi. Injini ilipozimwa dada alinyoosha mkono, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mkoba. Nyumbani alisema maneno machache tu. Ufunguo utatoka siku ambayo mimi na mumewe tutamletea jibu moja la namna ya kuitibu ile ndege, jibu moja, si mawili. Ramadhani ikiingia hatujakubaliana, atampigia simu mtu mmoja wa Arusha aliyekuwa akiitaka, na ndege itauzwa.

"Atauza kweli?" nikamuuliza shemeji.

"Wewe ndiye uliyekua naye. Aliwahi kusema kitu asikifanye?"

Sikumbuki.

Tulianza na uchunguzi. Tulikwenda uwanjani, fundi wa pale mwenye leseni akaifungua pampu na chujio lake, nikavichukua mpaka Igoma kwenye meza yangu. Nieleze kidogo, maana si kila msomaji amefungua ndege. Ndege kama ile ina pampu ndogo inayozungushwa na injini, kazi yake ni kufyonza hewa. Hewa hiyo inaingilia kwenye chujio nyuma ya dashibodi, inapita ndani ya vyombo viwili, na humo inazungusha pia, kama zile pia tulizochezea utotoni. Pia ikizunguka kwa kasi inakataa kuanguka, hata ndege ilale ubavu. Kwa hiyo rubani aliye ndani ya wingu anaitazama ile pia, kwa sababu ndani ya wingu masikio hudanganya na kiuno hudanganya.

Niliifungua pampu. Vile vibapa vya kaboni vya ndani, vinavyofyonza hewa, vilikuwa vimevunjikavunjika, na unga mweusi ukamwagika mezani kama wanja. Kisha nikashika chujio, na kabla sijalisogeza puani, paka wa fundi cherehani jirani alikuwa ameshafika. Akakaa mbele ya meza, mkia umezunguka miguu, analitazama chujio kwa heshima.

"Shemeji," nikasema, "hii ndege inabeba watu au inabeba dagaa?"

Akatazama pembeni. "Wagonjwa wangu wananishukuru."

"Wanakushukuru kwa gunia?"

"Wakati mwingine nusu gunia. Sasa bibi wa watu hajalala usiku na mchana kwa jino, umemng'oa, amekuletea dagaa wake, utamwambia nini? Kwamba ndege haipendi harufu?"

"Na wewe harufu unaifanyaje?"

"Nafungua milango. Naiacha wazi mpaka jioni, upepo wa ziwa unapita."

Basi fumbo likawa limekwisha. Dagaa wakavu wanapopakiwa hutoa vumbi, na milango inapoachwa wazi kando ya ziwa huingia wale wadudu wadogo wanaoinuka majini kama moshi. Vumbi la dagaa na wadudu vimeliziba chujio, pampu imevuta hewa isiyokuja, imehangaika, imepasuka. Nimefanya kazi ya ndege maisha yangu yote na nimeona pampu nyingi zimekufa, lakini hii ndiyo ya kwanza kufa kwa kitoweo.

Ugonjwa ulijulikana. Dawa ndiyo iliyotugombanisha.

Mimi nilitaka pampu mpya ya aina ileile, na chujio jipya. Rahisi, inajulikana, imewabeba watu miaka mingi. Shemeji akacheka kicheko cha daktari. Yeye alitaka tung'oe mfumo wote wa hewa, pampu, mipira ya hewa, ile pia na kila kitu, tuweke vyombo vya umeme vya kisasa vyenye kioo cha kung'aa kama simu.

"Jino bovu halibembelezwi," akasema.

"Wewe ukipewa kinywa kizima utang'oa chote, ubakize ulimi."

"Umeme ndiyo dunia ya leo, shemeji."

"Umesahau mgao? Jana tu Igoma tumekaa gizani mpaka isha. Unataka kuupeleka mgao angani?"

"Umeme wa ndege hauji na nguzo."

"Unakuja na alternata. Na alternata nazijua mimi. Zingekuwa haziharibiki ningekuwa nakula nini?"

Hapo alichukua helmeti yake, maana bandani kwangu alternata zilizokufa zimepangwa mpaka mlangoni. Lakini kuondoka si kukubali. Alirudi kesho yake na hoja mpya, nami nikamwandalia zangu, na hivyo ndivyo tulivyokwenda, yeye akija na bodaboda na kuondoka na bodaboda, mpaka watoto wa darasa langu wakazoea kusoma huku mashemeji wawili wakizozana nyuma ya ukuta.

Mimi ni mtu wa subira, nikajaribu njia ya kati. Zamani ndege ndogo hazikuwa na pampu. Zilifungwa kibomba ubavuni, nje, kipana kwenye ncha na chembamba kiunoni, upepo ukipita ndani yake unafyonza hewa wenyewe. Hakina kinachozunguka, hakina kinachovunjika, hakitaki umeme. Nilikipenda sana. Niliona kimetengenezwa na mtu aliyemcha Mungu. Nikamvuta shemeji mpaka uwanjani nimwonyeshe mahali pa kukifunga.

Tulikuwa tumesimama chini ya bawa, nimenyoosha kidole, nikaona upande wa ziwa kumekuwa kweusi. Si mvua. Lilikuwa lile wingu la wadudu, limenyanyuka majini na linakuja kwetu bila haraka, kama wageni wanaojua watapikiwa. Tukakimbia kwenye gari la shemeji, ambalo siku hiyo alikuja nalo, tukafunga vioo. Walipita juu yetu, wakatupiga dirishani kama mchele unaopepetwa, wakaingia hata ndani ya matundu ya kiyoyozi. Nikafunga mdomo, nikamtaja Mungu kwa moyo.

Walipopungua tulitoka. Ndege ilikuwa imeota manyoya. Shemeji akachukua mkoba wake wa kazi, akatoa kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda, akainama kwenye kijibomba kidogo cha kupimia mwendo kilicho chini ya bawa, ambacho alisahau kukivalisha kifuniko chake.

"Fungua mdomo," akakiambia. "Zaidi. Hapo."

Akawatoa wadudu mmoja mmoja, akiwapanga kwenye kitambaa cheupe. Alipomaliza akanigeukia, adabu imemjaa.

"Haya, shemeji, lete kibomba chako. Kabla hatujafika Ukerewe kitakuwa kimeshiba na kimelala."

Kibomba changu kikafa siku hiyo. Mwezi wa Shaabani nao ulikuwa unakwenda.

Dada akatuita Kiseke. Alikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na hata leo akikaa kwenye kochi kochi linakuwa dawati. Aliweka birika jikoni, akaja kukaa mbele yetu.

"Mmefikia wapi?"

Tukajibu wote kwa pamoja.

"Mmoja mmoja," akasema. "Kaka."

Nikaeleza pampu mpya na chujio jipya. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa utulivu, na mifano.

"Kwa hiyo ni salama?"

"Ni salama, kwa uwezo wa Mola."

"Vizuri. Siku ya kwanza utapanda wewe. Kiti cha mbele."

Shemeji akaanza kukohoa. Kikohozi cha uongo nakijua.

Sharti niseme hapa jambo ambalo familia yetu yote inalijua na majirani wanalishuku. Nimezitengeneza ndege, lakini kuzipanda sijapenda. Kubwa nimepanda, nilipokwenda Hija, na nilifumba macho tangu Dar es Salaam mpaka Jeddah, watu wakadhani ni uchamungu. Hizi ndogo sijapanda hata moja. Ilikuwa desturi fundi aruke na ndege aliyoitengeneza, na kila siku ya namna hiyo Mola alinijalia udhuru wa halali, mara msiba, mara tumbo.

"Mume wangu akiniambia ni salama simwamini, maana anaipenda," dada akasema. "Wewe huipendi, unaiogopa. Kitu ambacho wewe utakubali kukipanda, na mimi nitakikubali."

"Bado sijamaliza kueleza," nikasema.

"Nilifikiri umemaliza."

"Ilikuwa utangulizi."

Shemeji sasa alikuwa analia machozi ya kicheko. Nikamwacha alie. Nilikuwa nafikiri, na namshukuru Mungu kwa kufikiri kule, ingawa kulikuja na jasho. Maana kila wiki nawafundisha watoto kwamba mtu amtakie nduguye kile anachojitakia mwenyewe, na hapo kochini niliona ile pampu yangu moja, iliyotosha kabisa kwenye kiti cha shemeji, haitoshi hata kidogo kwenye changu. Niliiwazia imevunjika juu ya maji. Kisha nikawaza ule umeme wa shemeji, nao nikauwazia umezimika. Kila upande nilipogeuka niliona maji.

Jikoni pakasikika ukimya. Gesi ilikuwa imekwisha katikati ya chai. Dada hakulalamika, alinyanyuka, akaiinua birika, akaenda uani kuitua kwenye jiko la mkaa lililokuwa na maharage, maharage akayaweka pembeni. Chai ikaendelea kuchemka kama hakuna kilichotokea. Akarudi kukaa.

"Umeona?" nikamwambia shemeji.

"Nimeona nini? Gesi imekwisha."

"Na chai?"

Akanitazama. Ni mtu mwenye akili, huchelewa tu pale anapotaka kushinda. "Njia zote mbili," akasema polepole.

"Zote mbili. Pampu mpya iwekwe, na ile pia yake ibaki. Kile chombo cha umeme unachokitamani kifungwe pembeni yake, kiwe na betri yake mwenyewe ndani, na waya wake na fyuzi yake, kisishirikiane na taa wala redio. Na ile alternata ya zamani tuitoe tuweke mpya, nimeisikia inavyolia. Hewa ikifa, umeme hauna habari. Alternata ikifa, betri inabaki, na ile pia ya hewa inaendelea kuzunguka."

"Mimi nilisema umeme tangu mwanzo."

"Na mimi nilisema pampu tangu mwanzo."

"Nyamazeni," dada akasema. "Hilo ni jibu moja?"

Tukatazamana. "Moja," tukasema.

"Na dagaa?"

Hapo palikuwa pagumu. Shemeji akaangalia zulia. "Dagaa ni shukrani za watu, mama watoto."

"Dagaa ndio walionionyesha ziwa dirishani."

Chai ikaja, tukanywa, ufunguo ukabaki kwenye mkoba.

Kazi ilichukua muda wake. Kwenye ndege huwezi kubadilisha kitu kwa sababu umekipenda. Lazima mchoro wa mabadiliko ukubaliwe na mamlaka, uzito upimwe upya, na mwenye leseni hai atie sahihi, na yangu ilikuwa imeshalala. Fundi wa uwanjani alifunga, mimi nikawa nashika tochi na kutoa ushauri ambao hakuuomba. Kijana mvumilivu, Mungu ambariki. Siku aliyotia sahihi, Ramadhani ilikuwa mlangoni, na mtu wa Arusha alikuwa ameshapiga simu kuuliza hali.

Tuliondoka asubuhi moja baada ya kifungua kinywa, ambacho mimi sikukila. Mbingu ilikuwa safi. Dada alikuja na ufunguo na mkoba mkubwa kuliko ule wa kawaida, akaingia kiti cha nyuma.

"Wewe nawe unakwenda?" mumewe akauliza.

"Ufunguo unakwenda. Mimi naufuata."

Nilifunga mkanda. Nikasoma dua ya kupanda chombo, ile inayomtukuza Aliyetutiishia vitu hivi ambavyo wenyewe tusingeviweza, nikairudia, nikafumba macho. Injini ikanguruma. Kiti kikanisukuma mgongoni, kisha tumbo likabaki Mwanza na sisi tukaendelea. Nilisikia redio, nilisikia shemeji akiimba kwa sauti ya chini, na sikufumbua.

"Tuko juu ya maji?" dada akauliza kutoka nyuma.

"Katikati," shemeji akajibu.

"Zima umeme."

"Nini?"

"Si kaka amesema viwili? Zima kimoja nione."

Nikataka kusema kwamba si lazima, kwamba tulishajaribu chini, kwamba imani ni jambo jema. Kabla sijaanza, nikasikia swichi ikibofywa. Redio ikanyamaza. Injini ikaendelea, maana cheche zake hazitegemei betri, jambo ambalo nimewafundisha vijana wengi na ambalo wakati ule sikulikumbuka hata chembe. Nilisoma kila nilichokihifadhi.

Kisha mkono wa dada ukanigusa begani, mwepesi, kama alipokuwa mdogo na ananiamsha nimtengenezee mdoli.

"Kaka, fumbua macho. Vyombo vyako viko macho, wewe ndiye uliyelala."

Nikafumbua. Mbele yangu ile pia ya hewa ilikuwa imesimama wima, na pembeni yake kioo cha umeme kinang'aa kwa betri yake, na vyote viwili vilikuwa vinasema neno moja. Chini yavyo, chombo cha mwelekeo kilionyesha kaskazini, kimeelekea mashariki kidogo. Nilikitazama sana. Kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, ndege huelekea karibu kabisa na kibla. Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia. Ningekuwa nimepanda zamani.

"Washa," dada akasema, na shemeji akawasha.

Tulitua kwenye kile kiwanja kidogo cha Ukerewe, mbuzi wakatupisha. Injini ilipozimwa, mkono wa dada ukapita katikati yetu, ukachomoa ufunguo. Shemeji akaufuata kwa macho. Tukashuka. Na hapo, ukingoni mwa kiwanja, mzee mmoja alikuwa amesimama na kiroba begani, shavu lake limepona, anatabasamu mpaka pengo linaonekana.

"Daktari! Nimesikia ndege, nikasema ni yeye. Nimekuwekea dagaa wa jua kali, hawana hata mchanga."

Shemeji akamtazama mzee. Akautazama ufunguo mkononi mwa mkewe. Akanitazama mimi, nami nikawatazama mbuzi.

"Shikamoo, baba," dada akasema. Akaufungua ule mkoba mkubwa, akatoa ndoo ya plastiki yenye mfuniko, iliyokuwa ya kuuzia rangi ya ukuta, ameisugua mpaka imekuwa nyeupe. Akakiomba kile kiroba kwa mikono miwili, akawamimina dagaa mwenyewe kando ya njia, mbali na ndege, akakung'uta nguo yake. Akafunika. Akakalia mfuniko mpaka ukalia tak. Kisha, akiwa bado amekaa juu ya ndoo, akamnyooshea mumewe ufunguo.

Shemeji aliupokea kwa mikono miwili, kama mtoto anayepewa zawadi ya sikukuu, na hakuwa na utani wowote.

Nilimwuliza yule mzee kivuko cha kurudi Mwanza kinaondoka saa ngapi. Dada akanisikia.

"Kivuko cha nini? Ndoo inataka mtu wa kuipakata, na kiti cha mbele ndicho chenye nafasi."

Basi nilirudi Mwanza kibla kikiwa nyuma yangu na ndoo ya dagaa magotini, mikono yote miwili juu ya mfuniko. Macho nilikuwa nimeyafumbua njia nzima, maana mfuniko ule ulihitaji mtu wa kuutazama.